Ulivyopita Ukuta wa Mzee Hamisi Bila Kusimama

Dieudonné, papa, mwanangu,

Godoro lako limefungwa kwa kamba na limesimama karibu na mlango kama mgeni anayesubiri gari. Papa yako anarudi kila mara kukaza fundo ambalo halijalegea. Tantine Furaha, mdogo wangu, amekwisha kukuambia kuhusu chandarua, maji ya kuchemsha na wasichana wa Bweyeye. Daktari amekuambia kuhusu vidonge, kutunza meno, na lini urudi Kigali kupimwa. Sitarudia lolote kati ya hayo. Nina jioni hii tu, na nataka kuitumia kwa jambo ambalo hakuna aliyelisema.

Kesho unakwenda Bweyeye kufundisha. Gari litakuacha pale linapowaacha wote barabara ikiharibika, na kutoka hapo utapanda na kushuka kwa miguu hadi shuleni. Tangu upangiwe kituo hicho, nyumba hii imekuwa na swali moja: moyo wako utavipanda vile vilima? Papa yako anasema utavipanda. Tantine anasema hata hapa Kamembe kuna shule, na walimu wake hawatembei msituni. Mimi niliwahi kushika simu nimpigie mtu ninayemfahamu, akuombee kituo cha karibu na lami. Sikumpigia. Barua hii inaeleza kwa nini.

Najua utaucheka Kiswahili changu. Nyumbani tunaongea kile cha Bukavu nilikokulia, ambako watu ni bantu na wazee ni bazee, lakini mkono wangu umezoea kile ninachosomea taarifa ya habari redioni, na kwa umri huu hautajifunza kingine.

Nianze na yale unayoyajua kwa kusimuliwa tu. Ulizaliwa na tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na njia ya kupeleka damu mapafuni ilikuwa nyembamba. Sehemu ya damu ilizunguka na kurudi mwilini bila kupita kuchukua hewa. Ukilia, midomo ilibadilika rangi kama ya mtu aliyetoka kula zambarau. Ulipoanza kutembea, ulikuwa unakwenda kidogo, unachuchumaa, unakumbatia magoti, unangoja, halafu unainuka na kuendelea. Hakuna aliyekufundisha. Daktari wa kwanza aliyekuona ukifanya hivyo kwenye korido aliujua ugonjwa kabla hajakuwekea kipimo kifuani. Alinieleza kwamba kuchuchumaa kunabana mishipa ya miguu, na damu inasukumwa zaidi kwenda mapafuni. "Mwili wake umejitafutia dawa," alisema. Ulikuwa bado hujui kusema sentensi nzima.

Sasa fikiria mtoto kama huyo anaishi wapi. Anaishi Kamembe, na bibi yake yuko Bukavu, upande wa Kongo. Kila tukirudi kutoka kwa bibi tunavuka mpaka chini kule kwenye ziwa, halafu ni kupanda mpaka nyumbani.

Jumapili moja, katikati ya mpando, ulichuchumaa. Watu walikuwa wanatoka kanisani. Msichana mmoja akamuuliza mama yake kwa sauti, "Kale katoto kanafanya nini?" Kabla mama hajajibu, papa yako, aliyekuwa amevaa suti yake pekee, alichuchumaa kando yako, akakunja uso, akaitazama ardhi.

"Na wewe unafanya nini?" nikamuuliza.

"Tunaangalia siafu," alisema. "Kuna mukubwa mumoja hapa, anabeba muzigo kuliko mimi."

Nami nikachuchumaa. Tangu siku hiyo, ukichuchumaa wewe, tulichuchumaa sote. Mzee Hamisi, fundi wa nguo mwenye cherehani barazani na ukuta wa mawe mbele yake, alituona mara kadhaa. Siku iliyofuata alitoka, utepe wa kupimia shingoni, akachuchumaa pamoja nasi.

"Mzee, na wewe umechoka?" papa yako akamuuliza.

"Mimi nachunga ukuta yangu. Bantu banaweza kuiiba."

Ikawa hivyo. Mpando ule ukapata vituo vyake: bomba la maji, ukuta wa Mzee Hamisi, kona ya juu. Wanawake waliotoka sokoni walitua mabeseni yao tulipotua. Wageni waliopanda nasi walisimama tuliposimama, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka kuuliza sababu. Nimeripoti habari za watu wema kwa miaka mingi, na sijaona wema uliopangwa vizuri kama ule, tena bila mkutano wowote.

Ulipofikisha miaka mitano ulipasuliwa Kigali. Madaktari wetu walifanya kazi pamoja na timu iliyotoka nje. Walikufungua kifua, wakaziba tundu kwa kiraka, wakapanua ile njia nyembamba. Ili kuipanua ilibidi wakate vali yake, yaani ule mlango unaozuia damu iliyokwenda mapafuni isirudi nyuma. Daktari hakunificha. Alisema mlango huo sasa utavuja, kwamba utaishi nao vizuri kwa miaka, na kwamba siku moja utahitaji mwingine.

"Nitajuaje siku hiyo imefika?" niliuliza. Ni swali zuri. Ningemwuliza waziri vilevile.

"Atachoka. Mtaona."

Hatukuona.

Hapa ndipo ninapotaka unisome taratibu. Ulirudi nyumbani na midomo ya rangi ya kawaida, na hukuchuchumaa tena. Ulikimbia. Ulipiga mpira mpaka ukavunja dirisha la shule. Lakini vituo vya mpandoni havikuondoka. Tulikuwa tumevizoea. Tukifika bombani tunasimama, tukifika ukutani Mzee Hamisi anatoka, tunaulizana habari, tunaendelea. Tulifanya hivyo miaka yote ya shule ya msingi, na tuliendelea hivyo ulipoingia sekondari. Kwa hiyo ile vali ilipoanza kukulemea, na pumzi ikaanza kukuishia njiani, ilikuishia mahali ambapo kila mtu alikuwa amesimama tayari. Hukulazimika kusema, "Nimechoka." Wewe ulidhani kila mtu anachoka pale. Sisi tulidhani tunapiga soga. Ugonjwa wako ulikuwa unapanda kilima pamoja nasi, umefichwa na adabu yetu.

Ni kosa ambalo lingeweza kufanyika kwenye mpando ule tu, na watu wale tu. Nimelifikiria sana, si kwa sababu nataka kulia, maana sina kilio hapa, bali kwa sababu nililiona kosa la namna hiyo kazini na nilidhani nimelielewa. Zamani nilitangaza kwamba daraja dogo la mbao kule upande wa Bweyeye limetengenezwa. Nilipewa habari hiyo kwa simu na mtu mwenye cheo na sauti ya upole, nami sikutaka kumsumbua kwa maswali. Kesho yake mwanamume mmoja aliingia studio, matope mpaka magotini. "Maman," aliniambia, "nasikia umetutengenezea daraja. Nimekuja unionyeshe iko wapi." Tangu hapo sikutangaza tena daraja bila kumpata mtu aliyelivuka. Lakini nyumbani sikuwahi kukuuliza jambo dogo kama hilo: papa, unaendeleaje unapopanda?

Aliyeuliza ni Tantine Furaha. Unakumbuka alivyokuja kutoka Lubumbashi, baada ya miaka mingi, na mabegi yake na sauti yake. Tulitoka kumwonyesha bibi, tukawa tunarudi. Bombani tuliposimama alisimama naye, kwa heshima. Tulipofika ukutani na kusimama tena, heshima ikamwisha.

"Eh! Munasimama-simama juu ya nini?"

"Tunapumzika kidogo," nikasema.

"Nani amechoka?"

Tukatazamana. Papa yako ndiye aliyejibu. "Hakuna muntu amechoka, Furaha. Njo tumezoea."

"Mumezoea kusimama? Mimi niko na hizi kilo zangu zote na sijasimama!" Akakushika mkono. "Twende, papa. Tuache bazee bapige masolo yabo."

Mkaondoka, naye anatembea kama mtu anayewahi benki. Sisi tulibaki na masolo yetu, yaani soga zetu, tukimcheka, Mzee Hamisi akiwa wa kwanza kucheka. Kabla ya kona ya juu nilikuona unauachia mkono wake. Ukashika nguzo ya umeme. Tantine akarudi kuja kwetu, na safari hii hakupiga kelele. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, huyu mutoto anapumua kama muzee. Ana miaka kumi na sita. Iko nini?"

Nilipanda mpaka ulipokuwa. Ulikuwa umeinama, jasho linakudondoka puani. Nikakuuliza hivi hivi: "Umechoka tangu lini?"

Ulinitazama kwa mshangao wa kweli. "Maman, si kila muntu anachokaka hapa?"

Kigali walikupima kwa ile mashine inayoonyesha moyo kwenye kioo. Chumba cha chini cha kulia kilikuwa kimetanuka, kwa sababu damu kiliyoisukuma ilikuwa inarudi, na kililazimika kuisukuma tena. Daktari, yule mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alisema chumba hicho kikitanuka kupita kiasi fulani hakirudi tena kama zamani, hata ukikipa vali mpya. Nikamwuliza tuko upande gani wa hicho kiasi. "Upande mzuri," alisema. "Lakini si kwa muda mrefu." Kwa hiyo ukitaka kujua ni nani aliyekuokoa, ni mwanamke mmoja mnene asiyejua desturi zetu. Usimwambie kwamba nimeandika mnene.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kukufungua kifua tena, juu ya kovu la zamani. Ya pili ilikuwa kupitia mguuni: wanaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, wanaupandisha mpaka moyoni huku wakiutazama kwenye kioo, na vali mpya inakwenda imekunjwa juu ya mrija huo, ndani ya kikapu kidogo cha waya wa chuma. Ikifika mahali pake wanajaza puto, kikapu kinafunguka, puto linatolewa, vali inabaki. Wewe ulitaka hiyo ya pili kwa sababu ya mpira. Mimi niliitaka kwa sababu nilikwisha kukuona mara moja ukitoka chumba cha kupasuliwa kifua.

Lakini daktari alituonya mapema. Kabla ya kuweka vali wangejaza puto la kujaribia mahali palepale, na kutazama kama linabana mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Likiibana, wangetoa kila kitu, na wiki zijazo wangekufungua kifua. "Hilo siwezi kulijua nikiwa hapa mezani," alisema. "Nitalijua nikiwa ndani." Nilimheshimu kwa jibu hilo. Watu wengi niliowahoji wanalijua kila jambo wakiwa mezani.

Vali yenyewe imeshonwa kwa ule utando unaozunguka moyo wa ng'ombe. Habari hiyo ilifika nyumbani kabla yetu. Mzee Hamisi alimpigia papa yako simu tukiwa bado hospitalini.

"Ni ya munyama gani, hiyo kitu?"

"Ng'ombe, Mzee."

"Alhamdulillah. Nilikuwa na wasiwasi, sikutaka kuuliza mbele ya bantu."

Na papa yako akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa hotuba kwenye harusi: "Nilitoa ng'ombe kwa baba ya mama yake, ili nimupate. Leo ng'ombe imerudi, na imeingia ndani ya mutoto wangu. Nani mwingine Rwanda nzima amerudishiwa hivyo?"

Siku yenyewe tulikaa kwenye benchi la korido. Papa yako alizungumzia bawaba za geti la mteja wake tangu walipokuingiza. Nilimwacha azungumze. Mimi nilikuwa natazama mlango na kujiambia kile ninachojua: daktari akitoka mapema mno, puto limebana. Kila mlango ulipofunguka nilitazama uso wa aliyetoka, nikaona ni mtu wa usafi, au muuguzi anayekwenda kula. Muda ulipita. Papa yako akamaliza bawaba, akaanza komeo. Ndipo nikaanza kuelewa kwamba kuchelewa kwao ni habari njema, na sikumkatiza papa yako, kwa sababu habari isiyothibitishwa siitangazi.

Daktari alitoka, ameshusha barakoa kidevuni.

"Imekaa," alisema.

"Inavuja?" niliuliza.

"Haivuji."

Nimesoma taarifa nyingi redioni, za mavuno mazuri Bugarama, za mpaka kufunguliwa, za mechi ambazo watu walivunja viti kwa furaha. Hakuna niliyoipokea kama lile neno moja. Papa yako alisimama, akakaa, akasimama, halafu akamshukuru yule mtu wa usafi kwa mikono miwili.

Ulipozinduka ulijipapasa kifua, ukakuta kovu la zamani tu.

"Maman, bameacha? Hawajanifanya?"

"Wamefanya. Wamepita pajani."

Ulifikiri kidogo, bado usingizi umekujaa machoni. "Na moyo, wameuacha kule juu?"

Papa yako alicheka mpaka muuguzi akamtoa nje.

Sasa nikueleze habari za leo, maana wewe ulikuwa mbele na hukuona yaliyotokea nyuma. Tulitoka kumuaga bibi, ukanunua godoro kule chini, ukalibeba kichwani. Tulipofika bombani mimi na papa yako tulisimama. Ni miguu iliyosimama, wala hatukuamua. Wewe hukusimama. Nilidhani hukutuona, tukakufuata mpaka karibu na ukuta. Mzee Hamisi alikuwa amekwisha kutoka barazani, utepe shingoni, na kwa kuwa alijua ni mara ya mwisho kabla hujaondoka, alikuwa amechuchumaa kabisa, kwa heshima ya zamani, yeye na magoti yake yale.

"Dieudonné! Ukuta iko hapa!"

"Naiona, Mzee! Niko na godoro!"

Ukapita. Godoro lilikuwa linachezacheza kichwani, na shingo yako imenyooka. Ulipita nguzo ya umeme. Ulipita kona ya juu, ukapotea.

Mzee Hamisi alibaki chini pale. "Alors," alisema. "Sasa miye nachuchumaa na nani?"

"Na mimi," nilimwambia. Haikuwa adabu. Nilikuwa nimechoka kweli. Nikachuchumaa kando ya ukuta wake, nikihema, na kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe nilipumzika pale kwa sababu yangu mwenyewe. Papa yako alikuwa amesimama anautazama mpando mtupu, anatabasamu kama mjinga.

Halafu ukarudi. Ulikuwa umeliacha godoro nyumbani, ukashuka tena mbio, kilima kizima, kutuangalia tumekwama wapi. Ulituona, ukacheka, ukachuchumaa katikati yetu. Nilisikiliza pumzi yako. Ilikuwa imetulia kuliko yangu.

Kwa hiyo sikupiga ile simu. Bweyeye hakuna anayejua kusimama kwa ajili yako. Utatembea na watu waliozoea vilima, kwa mwendo wao, na ukichoka utalijua hilo siku hiyohiyo. Nakuambia kwa sababu vali hii nayo itachakaa. Daktari amekwisha kusema kwamba siku hiyo watapitisha nyingine kwa njia ileile na kuiweka ndani ya hii. Siku hiyo haitatujia kwa siri mara ya pili, mradi uwe mahali ambapo unaweza kuiona ikija. Hapa kwetu unapendwa mno, hata usiweze kuiona.

Jambo la mwisho, kisha nimwache papa yako azime taa ya barazani. Wewe ni mwalimu sasa. Utakuwa na darasa la watoto waliotembea kutoka mbali, na wakati wa mapumziko wataruka na kukimbizana. Inawezekana siku moja utamwona mmoja amechuchumaa pembeni, amekumbatia magoti, midomo imekuwa na rangi unayoijua kwa kusimuliwa. Wenzake watakuwa wamemzoea. Walimu wenzako pia watakuwa wamemzoea, na watakuwa wema kwake.

Nenda uchuchumae naye kwanza. Tazameni siafu pamoja. Halafu muulize amechoka tangu lini, na usimame ukamtafute mama yake.

Ni mimi mama yako, niliyefika juu leo wa tatu, nyuma yako na ya papa yako.